GB 64 zinapogeuka 59: historia ya kilo mbili zenye jina moja

Nunua flashi iliyoandikwa GB 64. Iwe mpya, iwe orijino, iwe na risiti. Ichomeke kwenye kompyuta ya Windows kabla hujaweka hata picha moja. Kompyuta itakuambia flashi ina GB 59 na kitu. Nunua diski ya TB 1, itasoma GB 931. Yaani umelipia elfu moja, umehesabiwa mia tisa thelathini na moja, na hakuna mtu dukani anayeshtuka.

Kila mtu ana maelezo yake. Mwenye duka atakuambia zingine zimeliwa na programu za ndani. Fundi atakuambia flashi ikifomatiwa lazima ipungue. Jamaa wa mtaani atakuambia tu kwamba umepigwa. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini hakuna aliyegusa sababu yenyewe. Sababu yenyewe ni kwamba duniani kuna kilo mbili, mega mbili na giga mbili, zote zinaitwa jina lile lile. Kiwanda kinatumia moja, kompyuta yako inatumia nyingine, na wewe mnunuzi umesimama katikati na pochi yako.

Hii si hadithi ya wizi. Ni hadithi ya watu werevu waliokopa neno kwa sababu lilikuwa karibu na mkono, halafu wakachelewa kulirudisha. Na mimi naona inatuhusu sana, kwa sababu mahali kipimo kina ukungu, mwizi wa kweli hupata pa kujificha.

Tuanze na kitu kidogo kabisa

Kabla ya kupima nafasi, lazima ujue unapima nini. Mahindi tunapima kwa gorogoro ama kwa kilo. Maji tunapima kwa lita. Habari je? Ujumbe wa simu, wimbo, picha ya harusi, hivi vyote vina "uzito" gani?

Swali hili lilijibiwa vizuri mwaka wa 1948. Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs huko Marekani, alichapisha makala moja ndefu kwa sehemu mbili, Julai na Oktoba mwaka huo. Ndani yake alisema habari inaweza kupimwa, na kipimo chake kidogo kabisa ni jibu la swali lenye majibu mawili tu. Ndiyo au la. Stima imewaka au imezima. Refa amerusha sarafu, imeangukia upande huu au ule. Jibu moja la aina hiyo aliliita biti. Neno hilo hakulibuni yeye. Alisema wazi kwamba lilitoka kwa mwenzake, John Tukey, aliyekuwa amefupisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya tarakimu ya mfumo wa mbili.

Sasa shika jambo hili moja, manake ndilo litakalotuletea shida yote huko mbele. Kila ukiongeza biti moja, idadi ya mambo unayoweza kutofautisha inazidishwa kwa mbili. Biti moja: mambo 2. Biti mbili: 4. Biti tatu: 8. Endelea hivyo hadi biti kumi na utafika 1,024. Si 1,000. Ni 1,024. Kompyuta haina vidole kumi kama sisi, ina swichi, na swichi huhesabu kwa kuzidisha mbili.

Baiti haikuzaliwa na biti nane

Biti moja moja ni ndogo mno kwa kazi ya kawaida. Ni kama kuuza mchele kwa punje. Wahandisi walihitaji fungu.

Mwaka wa 1956, Werner Buchholz, mhandisi wa IBM aliyekuwa kwenye kikosi cha kubuni kompyuta kubwa iliyoitwa Stretch, alilipa fungu hilo jina: baiti. Alichukua neno la Kiingereza la kung'ata, kama kusema tonge la biti ambalo mashine inaling'ata mara moja, kisha akabadilisha herufi moja kwa makusudi ili mtu asije akaacha herufi ya mwisho na kuandika "biti" bila kukusudia. Ukiangalia, basi, baiti ilianza maisha na ulinzi dhidi ya kuchanganywa. Ulinzi wenyewe haukutosha, tutaona.

Lakini hapo mwanzo baiti haikuwa na ukubwa mmoja. Mashine moja ilitumia biti sita kwa herufi, nyingine ukubwa mwingine. Biti sita zinakupa alama 64 tu: herufi kubwa, tarakimu, vituo vichache, na umemaliza. Hakuna hata nafasi ya herufi ndogo. Ilikuwa kama soko ambalo kila muuzaji amekuja na mkebe wake kutoka nyumbani.

Aliyemaliza ubishi huo ni soko lenyewe. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta iliyoitwa System/360, na humo baiti ikawa biti nane. Familia hiyo iliuzwa sana, wengine wakaiga, na leo ukisema baiti kila mtu anajua ni nane. Biti nane zinakupa alama 256, na hapo herufi ndogo na kubwa zote zinaenea. Kiswahili chetu kimebahatika hapa, kwa sababu hatuna alama za juu ya herufi kama Wafaransa. Kwa mfumo unaotumika sana leo, kila herufi yetu ni baiti moja. Wanjiku ni baiti saba. Otieno ni sita. Mombasa ni saba.

Na usifikirie biti ni mambo ya maabara. SMS moja unayotuma ina nafasi ya baiti 140, sawa na biti 1,120. Herufi za kawaida za SMS zinachukua biti saba kila moja, na ndiyo maana unapewa herufi 160. Weka emoji moja tu na ujumbe wote unahamia kwenye mfumo wa biti 16 kwa herufi. Ghafla unabaki na nafasi ya herufi 70, na ujumbe uliokuwa mmoja unahesabiwa mbili ama tatu. Umeona? Ukubwa wa mkebe unaamua unalipa ngapi, hata wakati huuoni mkebe wenyewe.

Diski ilihesabu kwa elfu tangu siku ya kwanza

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana, na ni vizuri tufuate moja baada ya nyingine.

Njia ya kwanza ni ya diski. Septemba 1956 IBM ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC 305, ikiwa na diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa kibiashara, iliyotengenezwa San Jose, California. Usifikirie kitu cha kuingia mfukoni. Ilikuwa na sahani 50 zilizopangwa kama chapati kwenye mhimili mmoja, kila sahani na upana wa inchi 24. Kabati lake lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Mfumo mzima ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi.

Na nafasi yake? Herufi milioni tano, za biti sita sita. Ukizigeuza kuwa baiti za leo, unapata kama MB 3.75. Picha moja ya simu yako inaweza kuijaza yote.

Angalia vile walifikia hiyo milioni tano. Sahani 50 zina nyuso 100. Kila uso ulikuwa na njia 100. Kila njia ilibeba herufi 500. Zidisha: 5,000,000 kamili. Hakuna 1,024 mahali popote. Mtengenezaji wa diski anahesabu sahani, njia na vipande vya njia, na hakuna kinachomlazimisha kuzidisha kwa mbili. Kwa hivyo watu wa diski walisema milioni wakimaanisha milioni. Hiyo ndiyo desturi yao mpaka leo. Anayesema watengenezaji wa diski walibadilisha hesabu juzi ili kutudanganya, hajafungua historia.

Memori ilihesabu kwa mbili kwa sababu ya nyaya

Njia ya pili ni ya memori, ile sehemu ambayo kompyuta inafanyia kazi ikiwa imewaka. Memori ina vyumba vidogo vingi, na kila chumba lazima kiwe na anwani. Anwani inapitishwa kwa nyaya, na kila waya ni biti moja: ina umeme au haina. Ukiwa na nyaya kumi, unaweza kuita vyumba 1,024. Ukitengeneza vyumba 1,000 tu, umelipia nyaya kumi na ukaacha anwani 24 hazina mwenyewe. Hakuna mhandisi mwenye akili zake anayefanya hivyo. Ndiyo maana kipande maarufu cha memori cha Intel cha mwaka wa 1970, kilichoitwa 1103, kilikuwa na biti 1,024 kamili.

Sasa kusema "elfu moja na ishirini na nne" kila wakati ni kazi. Kusema "elfu sitini na tano mia tano thelathini na sita" ni kazi zaidi. Wahandisi wakatazama, wakaona 1,024 iko karibu sana na 1,000, na 1,000 tayari ina jina: kilo. Wakaikopa. Gene Amdahl na wenzake, walipoieleza ile System/360 mwaka wa 1964, walitumia K kumaanisha 1,024. Kwa hivyo 64K ilikuwa 65,536. Kila aliyekuwa ndani ya chumba alielewa.

Lakini kilo haikuwa mali yao. Kilo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na cheti.

Rudi nyuma hadi Ufaransa baada ya mapinduzi. Kabla ya hapo, kila mji na kila soko la Ufaransa lilikuwa na vipimo vyake. Majina yalifanana, ukubwa haukufanana, na mkulima maskini ndiye aliyeumia, kwa sababu mwenye mkebe ndiye aliyekuwa bwana. Moja ya vitu ambavyo mapinduzi yalileta ni kipimo kimoja kwa wote. Sheria ya mfumo wa metriki ilipitishwa mwaka wa 1795, na ndani yake kulikuwa na kilo, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya elfu. Elfu, basi. Si karibu na elfu.

Na hapa kuna sadfa ambayo inanifurahisha kila nikiikumbuka. Sheria hiyo ya Ufaransa ilitoka tarehe 7 Aprili. System/360 nayo ilitangazwa tarehe 7 Aprili, miaka 169 baadaye, siku ile ile ya mwaka. Siku moja ilizaa kilo ya watu wote, nyingine ikaipa kilo ya wahandisi nguvu ya kusambaa dunia nzima.

Onyo lilitolewa mapema

Msidhani hakuna aliyeona. Mwaka wa 1968, Donald Morrison aliandika barua kwa jarida la wataalamu wa kompyuta la Marekani akasema tusitumie K kwa vitu viwili. Alipendekeza herufi ya Kigiriki, kapa, iwe ndiyo ya 1,024. Wengine wakajibu kwa mapendekezo yao tofauti. Barua zikachapishwa, zikasomwa, na watu wakarudi kazini wakaendelea kuandika K.

Kwa nini walipuuza? Kwa sababu wakati huo tofauti ilikuwa ndogo. 1,024 inapita 1,000 kwa asilimia 2.4. Nani atagombana kwa asilimia mbili?

Ila wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tofauti hii haikai mahali pamoja. Kila tukipanda ngazi inazidi kuongezeka:

Kilo: 1,024 dhidi ya 1,000. Tofauti asilimia 2.4.
Mega: 1,048,576 dhidi ya milioni. Tofauti karibu asilimia 4.9.
Giga: 1,073,741,824 dhidi ya bilioni. Tofauti karibu asilimia 7.4.
Tera: 1,099,511,627,776 dhidi ya trilioni. Tofauti karibu asilimia 10.

Ona sasa. Kosa lililokuwa kama chumvi kwenye mboga mwaka wa 1968 leo ni sehemu ya kumi ya sufuria. Na kila kizazi kipya cha diski kitalifanya liwe kubwa zaidi, bila mtu yeyote kubadilisha chochote.

Mfano unaochekesha zaidi ni ile disketi ya plastiki ya inchi tatu na nusu iliyokuja mwaka wa 1987, ile ambayo umbo lake bado tunaliona kama alama ya kuhifadhi kwenye programu nyingi. Iliandikwa MB 1.44. Ndani yake mlikuwa na baiti 1,474,560. Ukigawa kwa milioni unapata 1.47. Ukigawa kwa 1,048,576 unapata 1.41. Hiyo 1.44 ilitoka wapi basi? Walichukua 1,440, wakaizidisha kwa 1,024, halafu wakasema elfu moja ya hizo ni mega. Mguu mmoja kwenye mtumbwi wa elfu, mwingine kwenye mtumbwi wa mbili. Disketi zilijaa ofisi za dunia nzima zikiwa na kipimo ambacho hakikuwa sahihi kwa hesabu yoyote kati ya zile mbili.

Dawa ilipatikana 1998, ikabaki kwenye chupa

Desemba 1998, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, liliamua kumaliza mambo. Likasema kilo, mega, giga na tera zirudi kwa mwenyewe: elfu, milioni, bilioni, trilioni. Zile za kuzidisha mbili zipewe majina yao: kibi, mebi, gibi, tebi. Alama zake zina herufi i katikati. GB ni bilioni moja. GiB ni 1,073,741,824. Kwisha.

Kwa hesabu hiyo flashi yako iko sawa kabisa. GB 64 ni baiti bilioni 64. Ukizigawa kwa 1,073,741,824 unapata GiB 59.6. Hakuna hata baiti moja iliyopotea. Ni kama mtu aliyekuuzia umbali wa kilomita 100, halafu rafiki yako akaupima akapata 62. Hakuna aliyedanganya, isipokuwa rafiki yako amepima kwa maili kisha akaandika "kilomita".

Na huyo rafiki ni nani? Ni Windows. Mpaka leo inagawa kwa hesabu ya gibi, kisha inaandika GB. Apple ilibadilika mwaka wa 2009 na toleo la Mac OS X 10.6: kompyuta zao zikaanza kuhesabu diski kwa elfu kama kiwanda. Kwa hivyo diski moja, ukiichomeka kwa Mac inasoma TB 1, ukiichomeka kwa Windows inasoma GB 931. Watengenezaji wa memori nao wanaendelea na giga yao ya zamani. Laptopu ya memori GB 8 ina gibi 8 kamili. Ndani ya mashine moja, kwenye karatasi moja ya matangazo, GB ya memori na GB ya diski si kitu kimoja.

Wamarekani walipelekana kortini kwa jambo hili. Western Digital walikubaliana na walalamishi mwaka wa 2006, wakatoa programu ya bure ya kuhifadhi nakala. Mwaka wa 2007 ikawa zamu ya Seagate, wakakubali kurudisha asilimia tano ya bei kwa wateja fulani ama kuwapa programu. Lakini mwaka wa 2020, katika kesi dhidi ya SanDisk, mahakama ya shirikisho huko California ilikataa hoja ya walalamishi. Kwa biashara, giga ni bilioni, na kampuni ilikuwa imeeleza hivyo kwenye pakiti. Kisheria wenye diski walishinda.

Mimi sioni shida na hukumu hiyo. Kilo ni elfu, na mwenye kusema elfu yuko upande wa kweli. Shida yangu ni nyingine. Maelezo yenyewe yamewekwa kwa maandishi madogo nyuma ya pakiti, yale ya kusoma na miwani mbili. Nambari kubwa iko mbele, maana yake iko nyuma. Na wanaotengeneza kompyuta wanajua tangu 1998 kwamba jina sahihi lipo. Hawakosi elimu. Hakuna tu anayewasukuma.

Kwani sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa sababu soko letu linajua habari ya mkebe. Pwani watu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na kila mtu alilijua hilo. Leo mama mboga ana gorogoro, na mnunuzi mwenye macho huangalia kitu kimoja kabla ya bei: je, kitako cha gorogoro kimebonyezwa kuingia ndani? Hatuhitaji digrii kwa hilo. Tunajua kwamba kipimo ni makubaliano, na makubaliano hukaguliwa. Tuna hata Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na wakaguzi wanaopiga muhuri kwenye mizani ya nyama.

Lakini tukifika kwenye giga, macho tunafumba. Tunaambiwa "huwa inapungua" na tunakubali. Na hapo ndipo ukungu unapoanza kuua.

Kuna flashi na memori kadi bandia, na hizo ni wizi wa kweli. Ndani zina GB 8, kwa mfano, lakini kipande kinachoongoza kimebadilishwa ili kiiambie kompyuta "mimi ni GB 128". Unaichomeka, inasoma nambari nzuri kabisa. Unaweka faili, zinaingia. Ukishapita nafasi halisi, mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani ama zinapotea hewani. Majina ya faili yanabaki, ukifungua hakuna kitu. Mpiga video amerekodi harusi siku nzima. Mwanafunzi ameweka tasnifu ya miaka miwili. Wanagundua baada ya wiki, na harusi hairudiwi.

Sasa fikiria mnunuzi ambaye amefundishwa kwamba "flashi huwa zinapungua". Huyo hana namna ya kutofautisha upungufu wa hesabu na upungufu wa wizi. Kibaya zaidi, ile bandia inaweza kusoma nambari inayomridhisha, na ile halali ndiyo itakayomtia shaka. Kutojua kipimo kumemgeuzia haki juu chini.

Kwa hivyo shika hesabu hii, haihitaji intaneti. Kwenye Windows, chukua nambari ya pakiti, zidisha kwa 0.93. GB 32 zisome karibu 29.8. GB 64, karibu 59.6. GB 128, karibu 119. Fomati nayo itachukua kidogo, kwa hivyo usigombane kwa nukta. Ikisoma chini sana ya hapo, uliza. Na hata ikisoma sawa, usiiamini na kazi yako kabla ya kuijaza. Kuna programu za bure kama H2testw na F3 ambazo zinaandika data hadi nafasi iishe, kisha zinaisoma tena kuona kama yote imebaki. Hiyo ndiyo njia ya kugonga kitako cha gorogoro.

Simu ni kesi nyingine. Simu ya GB 64 inakuja tayari imebeba mfumo wake na programu ambazo huwezi kuondoa. Hapo si hesabu ya kibi na kilo pekee, ni nyumba ambayo umekodi ukakuta chumba kimoja kimefungwa na vitu vya mwenye nyumba. Huo upungufu nao ni halali, ila uliza kabla: nafasi ninayoweza kutumia ni ngapi?

Na usisahau ile biti na baiti ambayo Buchholz alijaribu kutukinga nayo. Intaneti hupimwa kwa biti. Kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Mombasa mwaka wa 2009, uwezo wake ulitangazwa kuwa terabiti 1.28 kwa sekunde, biti, si baiti. Intaneti ya nyumbani ya Mbps 10, ile b ni ndogo, ni biti. Gawa kwa nane: MB 1.25 kwa sekunde. Faili ya GB 1 itachukua dakika 13 na kidogo mambo yakiwa mazuri kabisa. Kabla ya kumpigia mtu wa intaneti kelele, angalia hiyo b. Ukishagawa na bado hupati hata nusu, sasa piga kelele ukiwa na nambari mkononi.

Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Mimi nasema habari hiyo ingeandikwa hivi, mbele ya pakiti, kwa herufi kubwa: "Baiti bilioni 64. Kwenye Windows itasoma 59.6." Mstari mmoja. Hauongezi gharama, haumtishi muuzaji mwaminifu, na unamwondolea yule mwingine pazia.

Wafaransa walihitaji mapinduzi ili mkulima na mnunuzi wakubaliane kilo ni nini. Sisi tunahitaji tu kuuliza swali ambalo tayari tunaliuliza kila siku kwa mama mboga, safari hii kwa mwenye duka la simu: hii giga yako, ni ya ngapi?